Swali Kwanza, Kanuni Baadaye

Kati ya umri wa miaka 11 na 14, hisabati hubadilika sura. Mwanafunzi aliyezoea kuhesabu vitu anavyoviona hukutana kwa mkupuo na namba hasi, uwiano, asilimia na herufi zinazosimama badala ya namba. Wengi waliokuwa wakilipenda somo hili katika madarasa ya chini huanza kulikwepa hapo. Akili haijapungua, mara nyingi wamepewa kanuni ya kujibu swali ambalo hawajawahi kujiuliza. Dawa ni kugeuza mpangilio: swali litangulie, mwanafunzi ahangaike nalo, kanuni ifuate.

Katika miaka ya 1990, vipindi vya hisabati vya darasa la nane vilirekodiwa kwa video nchini Ujerumani, Japani na Marekani. James Stigler na James Hiebert waliyaeleza matokeo katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Teaching Gap. Nchini Marekani, kwa kawaida mwalimu alionyesha njia, kisha wanafunzi wakairudia kwenye mazoezi. Nchini Japani kipindi mara nyingi kilianza na tatizo moja zito. Wanafunzi walilijaribu wenyewe, njia zao zikawekwa ubaoni na kulinganishwa, na mwalimu akahitimisha.

Tatizo moja, njia nyingi

Tatizo zuri ni lile ambalo kila mwanafunzi anaweza kulianza, lakini halimaliziki kwa hatua moja. Mfano ni shamba la mraba lililopandwa miche mpakani: kila upande una miche 10, na kila kona ina mche mmoja. Je, miche yote ni mingapi?

Jibu linalotoka haraka ni 40. Vizibo vya soda vikipangwa juu ya dawati badala ya miche, hesabu inatoa 36, kwa kuwa katika 40 kila mche wa kona umehesabiwa mara mbili. Hapo mwalimu huuliza swali lenye uzito zaidi: umehesabuje? Mmoja amejumlisha 10 + 10 + 8 + 8. Mwingine ameanza kwenye kona na kuishia kabla ya kona inayofuata, akapata 4 × 9. Wa tatu amechukua 4 × 10, akatoa 4 zilizozidi. Wa nne ameziacha kona kando, akapata 4 × 8, kisha akaongeza 4.

Upande ukiwa na miche 15, jibu ni 56. Ukiwa na 100, ni 396, na vizibo havitoshi tena. Sasa herufi ina kazi ya kufanya. Upande ukiwa na miche n, njia hizo huandikwa 2n + 2(n − 2), 4(n − 1), 4n − 4 na 4(n − 2) + 4. Wanafunzi wanajua tayari kwamba zote ni sawa, maana zimehesabu miche ileile. Kufungua mabano kunakuwa njia ya kuthibitisha jambo walilokwisha kuliona.

Kushika, kuchora, kuandika

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza kwamba binadamu huhifadhi maarifa kwa njia tatu: kwa vitendo, kwa picha na kwa alama. Walimu wengi wa hisabati huzifuata kwa mpangilio huo, na namba hasi huonyesha faida yake. Kizibo cheupe kiwe 1, chekundu kiwe −1. Kimoja cha kila rangi vikikutana, thamani yake ni sifuri. Kutafuta 3 − (−2), mwanafunzi huweka vizibo vitatu vyeupe. Anatakiwa aondoe viwili vyekundu, lakini havipo. Anaongeza jozi mbili za rangi zote, ambazo hazibadilishi kitu, kisha anaondoa vyekundu viwili. Vinabaki vyeupe vitano. Baadaye anachora vizibo hivyo daftarini, na mwishowe anaandika alama peke yake.

Kosa lina mantiki yake

Mwanafunzi anayeandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5 hakubahatisha; amejumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini. Alama ya kosa kwa wino mwekundu haimwonyeshi tatizo liko wapi. Swali moja linatosha: je, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Akigundua kwamba ameongeza kitu kwenye nusu na kupata pungufu ya nusu, yeye mwenyewe atataka njia nyingine, na asili inayofanana, yaani namba ileile ya chini, itakuwa na maana kwake.

Mchezo wenye hesabu ndani yake

Mchezo hufundisha pale hesabu inapoamua ushindi. Kila mwanafunzi achague namba kati ya 2 na 12, kisha dadu mbili za ludo zirushwe mara nyingi, na jumla inayotoka impe pointi aliyeichagua. Baada ya raundi chache darasa huanza kuigombea 7. Jedwali la safu 6 kwa 6 linaonyesha sababu: kati ya matokeo 36, 7 hupatikana kwa njia 6, ilhali 2 na 12 hupatikana kwa njia moja tu kila moja.

Darasa kubwa na mwisho wa kipindi

Darasa lenye wanafunzi wengi hugawanywa katika vikundi vya wanne au watano. Mwalimu hupita akitazama madaftari na kupanga nani atangulie ubaoni, kuanzia njia rahisi hadi ngumu. Dakika za mwisho ni za kurudi nyuma. Mwanahisabati George Pólya, katika kitabu chake How to Solve It cha mwaka 1945, aliweka hatua nne: kulielewa tatizo, kupanga njia, kuitekeleza, na kulitazama upya jibu. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayogeuza jibu moja kuwa kanuni. Kanuni ikishaandikwa, mazoezi hufuata, na jedwali la kuzidisha bado lazima likae kichwani. Tofauti ni kwamba mwanafunzi sasa anaizoeza njia ambayo anajua ilikotoka.