Nani Anaendesha Pikipiki Yako?

Sogeeni, wapwa zangu. Wa Nachingwea kaeni huku, wa Ruangwa kaeni kule. Mmoja wenu ameniuliza swali, nami nimelipenda sana. Ameuliza hivi: "Mjomba, Wahindu huwafundisha nini watoto wao? Na wao hukatazwa vitu kama sisi?"

Hongera, mpwa wangu! Mwenzako mmoja wa zamani naye alipenda kuuliza. Hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo!"

Hapo kale, huko India, alikuwako mtoto akiitwa Nachiketa. Habari zake zimo katika Katha Upanishadi, kitabu kitakatifu cha Wahindu chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Baba yake alikuwa akitoa sadaka. Alitoa ng'ombe. Lakini ng'ombe gani hao! Wamezeeka. Hawazai. Hawakamuliki. Nachiketa akaona haya. Akauliza: "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" Baba kimya. Akauliza tena. Baba kimya. Akauliza mara ya tatu. Baba akafoka: "Nakutoa kwa Kifo!"

"Mjomba, alikusudia kweli?"

Hapana. Hasira ndiyo iliyosema. Lakini neno likishatoka halirudi, na Nachiketa akashika njia mpaka nyumbani kwa Yama, ndiye huyo Kifo, mfalme wa wafu. Hodi! Yama hayupo. Mtoto akakaa mlangoni usiku wa kwanza, usiku wa pili, usiku wa tatu. Hakula kitu. Yama aliporudi aliingiwa na haya. Mgeni amelala njaa mlangoni kwangu! Akasema: "Omba mambo matatu, nitakupa."

Mnajua la kwanza aliomba nini? Aliomba baba yake apoe hasira. Mimi hapo ndipo ninapompenda mtoto huyu. Amefukuzwa kwa ukali, na bado anamwombea baba yake utulivu. La pili, aliomba kufundishwa moto wa ibada. La tatu, akauliza: "Mtu akifa, je, bado yupo?"

Yama hakutaka kujibu. Akasema: "Omba ng'ombe. Omba tembo na farasi. Omba dhahabu. Omba miaka mingi." Nachiketa akakataa. Ng'ombe wataisha. Dhahabu itaisha. Na hiyo miaka mingi nayo itaisha. Akasema anataka jibu tu.

Basi Yama akafurahi, akaanza kumfundisha. Alimweleza habari ya gari linalokokotwa na farasi. Sisi huku magari ya farasi hatuna. Tuna bodaboda. Kwa hiyo nitawaeleza kwa bodaboda.

Mwili wako ni pikipiki. Injini yake ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hivyo vitano ndivyo vinavyokukimbiza huku na huku. Usukani na breki ni mawazo yako. Dereva ni akili yako. Na abiria aliyekaa nyuma ni nani? Ni wewe mwenyewe, ile roho ambayo Wahindu huiita atman.

Sikilizeni pikipiki inavyosema: "Ngrrr! Mimi Ruangwa siijui. Shule siijui. Mimi najua kwenda tu! Mbuzi akikatiza, naenda. Kona ikija, naenda."

"Mjomba, basi pikipiki ni mbaya!"

Si mbaya hata kidogo. Bila pikipiki abiria hafiki. Hatari ni dereva kusinzia.

Tutazame msimu wa korosho. Bibi amewasha moto uani. Korosho zimo kwenye bati, zinatoa mafuta, moto unaruka juu, moshi mweusi unapanda. Bibi anazimwaga chini, anazifukia mchanga. Harufu inajaa uwanja mzima. Pua inasema: sasa hivi! Macho yanasema: sasa hivi! Ulimi unasema: sasa hivi! Aliyewahi kupasua ganda kwa meno anajua yale mafuta yanavyobabua midomo. Dereva aliye macho anasema: ngoja kwanza, bibi hajabangua.

"Kwa hiyo kujizuia si kukosa?"

Umesema vizuri! Utakula, na midomo yako itakuwa salama. Sisi wakubwa tunakosea tunapowaambia watoto usifanye hiki, usiguse kile, bila kuwaambia kwamba dereva ni wao.

Mtoto wa Kihindu hufundishwa kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba na kutojilimbikizia mali. Tena wapo wanaofunga siku iitwayo Ekadashi, siku ya 11 ya mwezi unapokua na siku ya 11 unapopungua. Siku hiyo hawagusi wali, hawagusi ugali, wala maharage. Nyinyi mnaofunga Ramadhani au Kwaresima mnaelewa. Na mliopita jandoni au unyagoni mnaelewa pia, maana huko nako hufundishwa kutawala ulimi.

"Mjomba, yupo mtu aliyeweza kujizuia kweli?"

Yupo. Mwaka 1888 kijana wa Kihindu wa miaka 18 kutoka India, Mohandas Gandhi, alikwenda Uingereza kusoma sheria. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hatagusa nyama wala pombe. London baridi, chakula kigeni, njaa inauma. Alitembea mitaani akitafuta, mpaka akaona mkahawa usiopika nyama katika mtaa wa Farringdon. Akala akashiba. Ahadi ya mama ikabaki nzima.

Miaka mitano baadaye, 1893, akielekea Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga Lamu, ikapita Mombasa, ikafika Zanzibar. Kwa hiyo na pwani yetu aliikanyaga. Huko mbele alipigania haki bila kumpiga mtu. India ikaja kuanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, na wa kwanza kabisa kuipokea, mwaka 1995, alikuwa Mwalimu Julius Nyerere wetu.

Sasa nina ombi. Si kila Mhindi ni Mhindu. Wapo Waislamu, wapo Wakristo, wapo Masingasinga. Kwa hiyo msibahatishe, ulizeni kwa adabu. Mkienda Dar es Salaam, mtaa wa Kisutu una mahekalu ya Kihindu. Mkikutana huko na mtoto mwenzenu, msalimieni, mwulizeni kama hufunga Ekadashi, anafungaje na kwa nini. Kisha nanyi mwelezeni mnavyofunga nyumbani.