Mafuta ya Kusukutua Koo

Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Bara Hindi, hupika mafuta ya ufuta pamoja na magome ya miti kwa maradhi ya kinywa na koo. Mgonjwa husukutua mafuta ya vuguvugu, kisha huyatema. Mtu mzima aweza kupata nafuu ya ukavu na mkwaruzo. Lakini nafuu siyo kupona.

Usimpe mtoto mdogo mafuta hayo. Yakimpalia na kuingia mapafuni, huleta kichomi.

Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati. Baadhi ya maradhi ya koo, yasipotibiwa kwa dawa kama penisilini, baadaye huharibu moyo. Akishindwa kumeza au kupumua, mpeleke mara moja, hata usiku.