Uliuza Gari? Bado Unaweza Kuliegesha Mezani

Kuna gari ambalo mtu huliuza lakini moyo haulisahau. Kwa wengi wetu ni Peugeot 504, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Kama lako lilienda kulipa karo, fundi anaweza kukuundia dogo kwa mabati ya mikebe na tairi za ndara kuukuu.

Kwanza, kubalianeni kipimo. 504 ya saluni ina urefu wa karibu mita 4.5. Gawanya kwa 18, unapata sentimita 25. Taa, vioo na magurudumu pia yagawanywe kwa 18, la sivyo utaletewa trekta.

Pili, mpe picha za pande zote, na umwonyeshe pale mlango ulipobonyea. Kitambulisho na hati ya umiliki hazimhusu; usimtumie.

Tatu, pesa. Tunashauri usilipe zote mara moja. Tuma arbuni ya vifaa, kiasi kingine bodi ikikamilika, na salio ukishalishika mkononi. Kabla malipo hayajakamilika, soma jina linalotokea kwenye simu. Si lake? Ghairi, kisha umpigie. Na ujumbe wa malipo usiufute. Hiyo ndiyo risiti yako.

Je, gari bado liko nyumbani na mnunuzi yuko njiani? Toka nje sasa hivi ulipige picha. Likishaondoka, hakuna fundi atakayekumbuka kwa niaba yako.