Mkeka wa Askari Wadogo

Wauguzi wenzetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanafanya kazi Uingereza, na watoto wao huko hukutana na michezo ambayo sisi hatukukua nayo. Mmoja wao alituandikia kuhusu mwanawe wa miaka 13. Kila Jumamosi kijana huyo huijaza meza ya chakula askari wadogo aliowapaka rangi mwenyewe, kisha hupigana vita na rafiki zake kwa kurusha dadu na kupima hatua za majeshi kwa futi ya fundi cherehani. Sasa anataka mkeka wa kutandika mezani wenye sura ya udongo na majani. Ule wa dukani, wa mpira laini uliochapwa picha, bei yake ni kubwa. Je, wautengeneze nyumbani, au mama aukataze mchezo wenyewe? Tena chini ya meza hiyo hiyo yuko mdogo wake anayetambaa.

Mchezo huu si wa jana. Mwandishi wa Uingereza, H. G. Wells, alitoa kitabu cha kanuni zake mwaka 1913, akasisitiza humo kwamba vita vya mezani ni bora mno kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza! Warhammer, unaochezwa sana siku hizi, ulitoka mwaka 1983, na kampuni yake ina makao Nottingham. Sisi hatuoni sababu ya kumkataza kijana. Anayekaa saa mbili akipaka rangi joho lenye ukubwa wa ukucha anajifunza subira, na rafiki zake wako nyumbani kwako, unawajua kwa majina. (Wazee wenye mvi pia huucheza, tusiwacheke.)

Basi na tuingie kazini. Meza iliyozoeleka kwa mchezo huu ni futi 6 kwa 4, yaani kama sentimeta 180 kwa 120. Tafuta turubai la pamba, lile ambalo mafundi rangi hutandika sakafuni, zito kuliko marekani. Likate likiwa na ziada ya sentimeta 10 kila upande, kwa sababu litajikunja kidogo likikauka, kisha livute na kulibana juu ya ubao.

Siri yote imo katika gundi ya akriliki ya kuzibia nyufa za ukuta, inayouzwa katika mirija. Ikikauka hubaki laini kama mpira, hivyo mkeka huviringishwa bila kupasuka. Chokaa au plasta haiwezi hayo. Utaukunja mara moja tu, nawe utaokota vipande. Silikoni nayo hulainika vizuri, lakini rangi haishiki juu yake, kwa hiyo soma mrija kabla ya kulipa. Changanya gundi hiyo na rangi ya kahawia ya maji, mchanga uliochekechwa na maji kidogo, mpaka iwe kama uji mzito. Ipake kwa mwiko, nyembamba, ukiisukuma iingie katika nyuzi. Akina mama wengi hupenda kujaza. Hapa ukijaza, utapata nyufa.

Iache mpaka kesho yake, au siku mbili kukiwa na baridi. Halafu chovya brashi katika rangi ya udongo mkavu, ifute karibu yote kwa kitambaa, uipitishe juu juu ili vinundu vya mchanga vionekane. Mwisho paka gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa kwa maji, kwa mabaka tu, na unyunyizie unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Ukikauka, kung'uta nje na kata kingo. Mkeka uviringishe kwa ulegevu kwenye mrija wa karatasi ngumu unaobaki dukani vitambaa vikiisha. Usiukunje kama shuka.

Mkeka wenyewe hautupi hofu. Kinachotutia wasiwasi ni wale askari. Wa sasa wengi ni wa plastiki, lakini wa zamani, wanaonunuliwa kwa bei ya chini kwa watu, mara nyingi wana madini ya risasi. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini mwa mtoto. Huharibu ubongo unaokua na kupunguza damu, na mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma huinyonya zaidi. Ukiona unga mweupe wa kijivu juu ya askari, hiyo ni risasi inayolika. Mvuke wa siki huiharakisha, na silikoni nyingi hutoa mvuke huo zinapokauka. Sababu nyingine ya kuiacha. Askari wa namna hiyo asikwanguliwe wala kupigwa tupa ndani ya nyumba.

Rangi ya kupuliza ipulizwe nje. Mchanga uchekechwe nje pia, nao ukiwa na unyevu, maana vumbi lake huumiza mapafu. Dadu na silaha ndogo zinazong'oka zihesabiwe na kufungiwa koponi kabla mtoto hajashushwa sakafuni, kwani aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani. Wachezaji wote wanawe mikono kwa sabuni, mkeka uondolewe, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi kabla sahani hazijapangwa.