Mtoto Azibaye Masikio

Kengele ya shule igongwapo, huenda tukamwona mtoto akiziba masikio na kulia. Mwalimu mgeni humdhania mtukutu. Yamkini mtoto huyo ana hali ya Williams, iliyoelezwa mwaka 1961 na daktari J. C. P. Williams wa New Zealand. Chanzo chake ni kukosekana, tangu kutungwa mimba, kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 7 chenye jeni zipatazo 25. (Si kila azibaye masikio ana hali hii, uthibitisho hupatikana kwa kupima damu.)

Wengi wao hutishwa, hata kuumizwa, na sauti tusizozijali sisi: puto likipasuka, mashine ikinguruma. Walakini masikio hayo hayo huupenda muziki mno, na wimbo wa huzuni waweza kuwaliza. Tusidhani kwamba kila mmoja wao ni fundi wa muziki. Wako wakoseao mapigo kama sisi. Wanachotuzidi ni mapenzi.

Basi tumwarifu mtoto kabla kengele haijalia, tumketishe mbali nayo, na hesabu zilizomshinda ubaoni tuzijaribu kwa wimbo na makofi, ila makofi yaanze polepole.