Mabaraza Mawili, Gego Moja

Siku ya nne baada ya kung'olewa gego la chini, nilikaa barazani Kibokoni, Mombasa, na kikombe cha kahawa chungu mkononi, nisithubutu kukitia mdomoni. Maumivu yalianzia kwenye tundu la jino, yakapanda sikioni, yakateremka shingoni. Bi mkubwa wa nyumba ya pili aliniona nikipapasa karafuu mfukoni. "Mwanangu, hilo si la karafuu tena," akaniambia. "Rudi kwa aliyekung'oa."

Nikadandia tuktuk. Kliniki yenyewe sitaitaja. Iko hapa hapa kisiwani. Binti wa mapokezi akaniomba kadi. Kadi gani? Nilipong'olewa sikupewa hata kikaratasi. Akapekua daftari lake, akalikuta jina langu na pesa nilizolipa. Jino lipi, ganzi ipi, lilitoka zima au kwa vipande: hakuna. Daktari akalisafisha tundu, akapachika kipamba chenye dawa, na mdomo mzima ukanuka karafuu. Bi mkubwa alicheka sana nilipomsimulia.

Yangu iliishia hapo. Lakini lile daftari halijanitoka akilini. Taya lingeoza, ningedai kwa ushahidi gani?

Tulio wengi huyatia maumivu yote ya baada ya kung'oa jino katika kapu moja. Madaktari huyatenga. Langu lilikuwa lile wanaloliita tundu kavu. Jino likitoka, damu huganda tunduni na kuufunika mfupa. Damu hiyo ikiyeyuka au ikichomoka mapema, mfupa hubaki wazi, na mateso huanza siku chache baadaye. Sigara ni mchochezi mkubwa. Kwetu Pwani daktari angefaa ataje pia miraa, muguka na tambuu, maana mtafunaji hulimbika majani shavuni, jirani kabisa na kidonda. Tundu kavu linauma kupita kiasi, lakini likihudumiwa hupona.

Maambukizi ya mfupa wenyewe, osteomielaiti, ni jambo jingine. Taya la chini ndilo hushambuliwa zaidi, kwa kuwa mfupa wake ni mnene na damu huufikia kwa uchache kuliko taya la juu. Bakteria wakiingia, usaha hujaa ndani na kuibana mishipa ya damu. Sehemu ya mfupa hukosa damu, hufa, kisha hujitenga na ule ulio hai. Antibayotiki husafiri kwa damu, na pasipo damu haifiki. Ndiyo sababu vidonge vya siku tano havitoshi: matibabu huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi mpasuaji hulazimika kuondoa vipande vilivyokufa. Aliyefika hapo hana budi kwenda Makadara, kama wenyeji wanavyoiita Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, au kwa mpasuaji wa taya na uso popote alipo.

Dalili zake si za kungojewa: uvimbe unaoongezeka, usaha, homa, meno ya jirani kulegea, na mdomo wa chini pamoja na kidevu kufa ganzi siku nyingi baada ya sindano kuisha nguvu. Eksirei nayo yaweza kuhadaa. Katika wiki mbili za mwanzo picha huweza kuonekana safi, kwani mfupa hupoteza madini mengi kabla ya doa kuonekana. Picha moja safi haimpi daktari ruhusa ya kumfukuza mgonjwa anayevimba.

Wapo walio hatarini zaidi: mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye kinga dhaifu, mwenye selimundu, maradhi yasiyo mageni hapa Pwani, na aliyepigwa mionzi ya saratani shingoni au usoni. Mwaka 2003 mpasuaji Robert Marx wa Miami aliripoti wagonjwa waliooza taya wakitumia bisfosfoneti, dawa za kulinda mifupa dhidi ya saratani na udhaifu. Hivyo swali "Unatumia dawa gani?" huja kabla ya koleo. Asiyeuliza ameruka hatua.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kuoza kwa taya kwenyewe si uzembe. Hutokea hata mikononi mwa fundi hodari. Mahakama za Kenya bado hurejelea kipimo cha kesi ya Bolam, iliyoamuliwa London mwaka 1957: je, daktari alitenda kama ambavyo wenzake wenye ujuzi wangekubali? Aliuliza historia? Alieleza hatari na kupata ridhaa, kama Sheria ya Afya ya 2017 inavyotaka? Na mgonjwa aliporudi amevimba, alimtazama kinywani au alimwongezea tembe za maumivu mlangoni? Kwangu mimi, uzito uko kwenye safari hiyo ya pili. Mlalamishi naye ana mzigo wake: lazima aonyeshe kwamba kosa ndilo lililoleta madhara. Aliyeacha dawa katikati au kuendelea kuvuta sigara ataulizwa.

Baraza la Kibokoni husikiliza kila kitu, ila halina meno. Lenye meno ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lililokuwa Bodi hadi mwaka 2019. Hupokea malalamiko, na laweza kumsimamisha daktari au kumfuta kwenye orodha yake. Anayetaka fidia huenda mahakamani, na sheria humpa miaka 3 tangu aumie. Aliyechelewa kugundua yaweza kumlazimu kuomba ruhusa ya kuongezewa muda. Kulalamika kwa Baraza hakusimamishi saa hiyo.

Kote huko, karatasi ndiyo shahidi. Kabla ya kukaa kitini, hakikisha jina la daktari limo kwenye orodha ya KMPDC na leseni yake ni ya mwaka huu. Ukiondoka, chukua risiti, jina la dawa, nambari ya jino na nakala ya eksirei. Ukivimba, jipige picha kila siku. Wakikunyima kumbukumbu zako, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona.

Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na hakuna fidia inayootesha mfupa. Juzi nilikwenda kuziba jino jingine. Nilisimama mapokezi mpaka nikaandikiwa yote, sahihi na tarehe. Jioni bi mkubwa akakishika kile kikaratasi, akakigeuza nyuma na mbele.

"Hiki ndicho ulicholipia?"

"Nusu yake, bi mkubwa."