Ganda la Risasi ni Shahidi

Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1952 hadi 1960, palikuwa na mapigano mengi katika msitu wa Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu. Mtu aliyekutwa na bunduki au risasi bila ruhusa aliweza kunyongwa. Kwa hiyo kujua ganda limetoka katika bunduki gani kulikuwa jambo la uhai wa mtu.

Kwanza tazama kitako cha ganda. Kibonyeo katikati ya fataki chaonyesha kwamba risasi ilipigwa. Mkwaruzo wa ukingoni peke yake hautoshi, kwa maana kijino kinachong'oa ganda katika bunduki ya askari ya Lee-Enfield hukwaruza hata risasi iliyotolewa bila kupigwa.

Bunduki zilizotengenezwa msituni zilikuwa na mtutu wa bomba la maji, na komeo la mlango lililovutwa kwa mpira. Bomba likiwa pana mno, ganda huvimba au hupasuka.

Lakini bunduki mbili za aina moja je? Chuma cha kila moja kina mikwaruzo yake. Mjuzi hupiga risasi ya majaribio, kisha hulinganisha maganda mawili kwa hadubini. Kwa njia hiyo Calvin Goddard alionyesha kwamba bunduki za polisi wa Chicago hazikutumika katika mauaji ya mwaka 1929.

Basi, ukiona ganda, usiliokote wala kulisugua. Mwarifu chifu au polisi, kwani alama ikifutika, huenda asiye na hatia akakosa shahidi wake.